Stoo Moja, Makazi Mengi

Fallout 4 ilipotoka Novemba 2015, wengi waliisifia bunduki zake na ukubwa wa jiji la Boston lililobomoka. Mimi kilichonishika ni mtu mmoja wa kawaida anayemswaga brahmin, ng'ombe mwenye vichwa viwili, kutoka makazi mamoja hadi mengine, usiku na mchana, hata katika dhoruba ya mionzi. Hana maneno mengi wala hana kisa chake kwenye hadithi. Lakini asipokuwepo, chuma ulichokiacha kwenye makazi ya Sanctuary hakijengi ukuta kwenye makazi ya Jamaica Plain. Nitamwita mpagazi, na ndiye ninayetaka kumzungumzia, pamoja na mzigo wake na wale wanaoulipia.

Naandika nikiwa Tabora, mji uliokuzwa na wapagazi kabla haujakuzwa na reli. Pengine ndiyo maana sehemu ya mchezo ambayo wenzangu huipita haraka ndiyo inayonikalisha mbele ya kompyuta hadi adhuhuri ya Jumapili.

Kwa asiyecheza, nieleze kwanza. Mwaka ni 2287, miaka 210 baada ya vita ya nyuklia. Unatembea katika Boston na viunga vyake ukiokota vikorokoro: feni mbovu, makopo, simu za mezani, taa zilizovunjika. Ukivivunja vinatoa malighafi, yaani chuma, shaba, skrubu, mafuta, gundi na zege. Kwa malighafi hizo unawajengea wakimbizi vitanda, pampu za maji, uzio na minara ya ulinzi, na hizo hizo ndizo za kuboreshea bunduki yako. Kila makazi yana meza nyekundu ya ufundi, na meza hiyo ndiyo stoo. Kabla ya kuunganishwa, stoo ya huku haijui habari za stoo ya kule. Unaweza kuwa na rundo la zege shambani kwa akina Abernathy na ukashindwa kumwaga msingi Graygarden, mwendo wa dakika chache tu.

Kuunganisha kunataka ustadi unaoitwa Local Leader, nao unadai mvuto wa ngazi ya 6. Ukiupata, unamchagua mkazi, unamwonyesha makazi ya pili, naye anaanza safari zake. Si lazima uunganishe kila makazi na kila makazi. Sanctuary ikiungana na Abernathy, na Abernathy ikiungana na Graygarden, basi Sanctuary na Graygarden zinakula stoo moja.

Wengi wanaishia hapo. Wanaunganisha ramani nzima, wanafurahi kwamba sasa popote walipo wana kila kitu, kisha wanarudi kwenye vita. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza.

Kinachosafiri kwenye mtandao ule ni hesabu. Mzigo wenyewe hautoki mahali ulipo. Fungua stoo ya Jamaica Plain na hutakuta hata msumari, lakini ukianza kujenga, mchezo unakuambia chuma kipo, unakikata huko kilikolala na ukuta unasimama. Silaha, mavazi na vizibo vya chupa, ambavyo ndiyo pesa ya kule, havihusiki. Chakula na maji vinahusika: makazi yenye ziada yanafidia yenye upungufu, ilimradi yote yamo kwenye mtandao. Kila mkazi anadai chakula kimoja na maji kimoja kwa siku. Mkulima mmoja anamudu mazao yanayotoa chakula cha watu sita. Pampu ya mkono inatoa maji ya watu watatu, na mtambo mkubwa wa kusafisha maji, ule unaotaka umeme, unatoa ya watu arobaini.

Ukiziweka namba hizo pamoja, kishawishi kinajileta chenyewe. Sanctuary ina mto. Mitambo miwili pale inatosha kunywesha watu themanini. Kwa nini basi nihangaike kuchimba kisima Tenpines Bluff?

Nina sababu zangu, na ya kwanza nimeisoma kwenye historia ya hapa hapa.

Katika karne ya 19 njia ya kati ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ambayo ndiyo Tabora ya leo, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Nguo na shanga zilikuja kwa njia hiyo, pembe za ndovu zikashuka kwa njia hiyo, zote zikiwa mabegani mwa watu, na sehemu kubwa ya watu hao walikuwa Wanyamwezi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, jina la zamani la Tabora, mwaka 1857 walikuta kituo ambacho tayari kilikuwa kinafanya kazi: maghala, mashamba, watu wa kuajiriwa na watu wa kukopesha. Ukitazama ramani ya wakati ule unaona mstari mmoja mrefu wenye fundo katikati. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliingia vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini ili afike ziwani. Ujiji haikuwa imekosa pembe, wala Pwani haikuwa imekosa nguo. Fundo moja lilikazwa, na bidhaa zikabaki zilipo.

Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji huu, miezi kadhaa. Bidhaa alikuwa nazo, Stanley alimwachia. Alikuwa anasubiri wapagazi watoke Pwani. Tembe alimokaa limejengwa upya na sasa ni makumbusho, na kila nikipita pale huwa nafikiria miezi ile kuliko ninavyomfikiria Livingstone mwenyewe. Stoo imejaa, mabega hakuna.

Katika Fallout 4 makazi yanaweza kukutoka. Furaha ya wakazi ikishuka chini sana na ukapuuza, wanakukataa. Wakivamiwa na usiwasaidie, mambo yanaharibika, pampu na jenereta zinavunjwa. Makazi hayo yakiwa ndiyo fundo la katikati, wote walio ng'ambo yake wanakatika kwa mpigo mmoja. Ukuta wao hauanguki, ulishajengwa. Kinachokauka ni maji. Jamaica Plain iliyokuwa ikinywa mto wa Sanctuary inaamka na watu kumi na tano wenye kiu, furaha inaporomoka, na tatizo la makazi mamoja linageuka kuwa la upande mzima wa kusini.

Sababu ya pili ni wavamizi. Mchezo unapima chakula na maji ya makazi dhidi ya ulinzi wake, na utajiri ukizidi ulinzi, uwezekano wa kushambuliwa unapanda. Kurundika maji yote mahali pamoja ni kupaandikia pale pawe pa kwanza kupigwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: malighafi za ujenzi ziwe za wote, lakini kila makazi yajilishe na kujinywesha yenyewe. Mtandao ubebe ziada na dharura. Natenga hata kama inanigharimu saa nzima ya kupanda mahindi kwenye udongo wa Oberland Station, kibanda kile cha reli kinachonifurahisha kuliko jumba lolote la Boston, maana nimekulia karibu na njia panda ya reli. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi la Mwanza likachomoka hapa hapa. Njia ikiharibika kabla ya Tabora, Kigoma na Mwanza zote zinasubiri, na watu wa hapa hilo hawahitaji kusomewa kitabuni.

Ndiyo maana sipendi ule mtandao ambao wapagazi wote wanatoka Sanctuary kama miale. Unaonekana nadhifu kwenye ramani, lakini mzigo wa watu unaangukia pamoja. Mpagazi anaendelea kuhesabiwa katika makazi alikotoka. Chakula chake, maji yake na kitanda chake vinadaiwa huko, na yeye halimi. Misafara ya zamani ilijua gharama hiyo waziwazi: wapagazi walipewa posho, mara nyingi nguo au shanga, wakanunulia chakula vijijini njiani, na kijiji chenye njaa hakikuwa na cha kuwauzia. Mchezo unaificha gharama hiyo ndani ya namba ya makazi mamoja. Ukitoa wapagazi sita Tenpines Bluff, ambako unakuta watu wawili tu na vijishina vya tato, zao la kule linalofanana na nyanya, umewatwika wakulima wachache kulisha watu sita wasioshika jembe.

Mimi huwatoa wapagazi kwenye makazi makubwa yenye ziada, nikawafunga kwa mnyororo wenye mzunguko: mstari unashuka kusini upande wa magharibi, unapanda tena upande wa bahari kupitia The Castle na Finch Farm, kisha unafunga kaskazini. Fundo moja likifa, hesabu inapita upande wa pili. Kila mpagazi nampa bunduki nzuri na risasi moja, kwa sababu wakazi wanahitaji risasi moja tu ya aina ile ili waendelee kufyatua. Wanaokata katikati ya Boston, penye mutanti, yale majitu ya kijani, na wavamizi kila kona, nawavisha vizuri zaidi.

Kuna wanaotumia roboti. Nyongeza rasmi ya Automatron ya mwaka 2016 inakuruhusu kuunda roboti na kuipa kazi ya upagazi. Roboti haili, hainywi, haitaki kitanda, na inapigana kuliko mtu. Nawaelewa. Lakini furaha ya roboti haipandi kupita 50, kwa hiyo inaivuta chini wastani wa makazi ilikosajiliwa, na kwa mtu anayetaka watu wake wafurahi hiyo ni gharama ya kweli. Naziweka Graygarden, ambako wakulima wenyewe ni roboti tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye modi, maana ndizo zilizonifanya niandike. Modi ni nyongeza ambazo wachezaji wenyewe wanazitengeneza na kuzigawa bure. Ya Sim Settlements, iliyotengenezwa na anayejulikana kama kinggath, ilitoka mwaka 2017, na ya pili ikafuata mwaka 2020. Ni nzito, hapa kwetu unaishusha kwa bando la usiku na unaomba umeme usikatike. Badala ya wewe kupigilia kila ubao, unamgawia mkazi kiwanja: cha kuishi, cha kilimo, cha kiwanda, cha biashara, cha ulinzi. Anajenga mwenyewe, na nyumba inapanda daraja kadiri mambo yanavyokwenda. Kwenye mipangilio unaamua kama majengo yagharimu vifaa, na kama yadai matunzo. Mimi nimewasha vyote viwili. Tena nacheza katika hali ya Survival, ambamo huwezi kuruka kutoka mahali hadi mahali kwenye ramani: unatembea kwa miguu, na uzito wa kila risasi unahesabiwa.

Ukishawasha hivyo, stoo ya pamoja inabadilika tabia. Zamani aliyekuwa akichota ni wewe peke yako. Sasa majengo yanachota hata ukiwa upande wa pili wa ramani. Mji uliokua unachota zaidi, kwa sababu una majengo mengi na ya daraja la juu. Hangman's Alley, uchochoro ule wa katikati ya jiji, unapanda ghorofa, wakati shamba la akina Abernathy, familia iliyompoteza binti yao kwa wavamizi na bado inaamka kulima, limebaki na paa linalovuja. Mchezo haujavunja sheria yoyote. Umesoma jumla, ukaona chuma kipo, ukakitumia.

Jambo hili nililieleza kwa mjomba wangu nilipokwenda Urambo. Analima tumbaku, na ameshika uongozi katika chama cha msingi kwa muda mrefu. Nilidhani ataona ni mambo ya watoto. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza:

"Sasa mpwa wangu, hiyo stoo yenu, daftari anashika nani?"

"Mchezo wenyewe, mjomba. Unahesabu kila kitu."

"Unahesabu jumla. Mimi nauliza nani anaandika majina. Nani kaleta, nani kachukua."

Nikamwambia hakuna.

"Basi hapo hamna ushirika," akasema. "Hapo mna shimo."

Anayeijua tumbaku ya Tabora anaelewa anakotoka. Pembejeo zinakuja kwa mkopo kupitia chama, na dhamana ni ya wote. Msimu ukiisha, mauzo yanakatwa deni kwanza. Aliyepeleka marobota mazuri anaweza kujikuta analipia mbolea ya jirani ambaye hakupeleka kitu, au aliyepitisha tumbaku yake mlango wa nyuma. Mjomba ameona wakulima hodari wakiacha kulima kwa sababu hiyo. Anauamini ushirika kabisa, kwa sababu mkulima mmoja hapati mbolea kwa bei ya maana wala hana sauti mbele ya mnunuzi. Anachokipigania ni kaunta buku ambalo mwanachama yeyote anaweza kulifungua na kuona mstari wake.

Niliporudi mjini nikanunua kaunta buku.

Kila makazi yana ukurasa wake: watu wangapi, wapagazi wangapi, chakula, maji, ulinzi, kilichopelekwa stoo, kilichojengwa kwa stoo ya wote. Sasa naona nani ananyonya na nani ananyonywa. Kuona hakutoshi, kwa sababu mchezo hauna amri ya kusema "chuma hiki ni cha Abernathy, msikiguse." Lakini njia ipo. Kinachoshirikishwa ni kile kilichomo kwenye meza nyekundu tu. Kabati, sanduku au friji yoyote uliyoiweka hapo makazini haimo kwenye mtandao. Kwa hiyo kila makazi nimeyapa kabati la akiba. Nikipita, natazama kilichoingia kwenye meza, nusu naiacha kwa wote, nusu naifungia kabatini kwa ajili ya wenyeji, na ndiyo itakayopiga paa lao. Kwa makazi mapya naacha yachote bila kuchangia kwanza. Kwa Hangman's Alley nimeacha kabisa kujenga mpaka ukurasa wake usawazike.

Kabati lina faida nyingine. Ziada ya maji huingia kwenye meza, lakini meza ikishakuwa na maji kupita kiasi fulani mchezo unaacha kuongeza. Ukiyahamisha kabatini, uzalishaji unaendelea. Wafanyabiashara wa maji wa Fallout wanalijua hilo; kwangu lina maana kwamba makazi yenye mtambo yana akiba halisi, chupa kwa chupa, siku mtandao ukikatika.

Na ipo bidhaa moja ambayo bila stoo ya pamoja isingetengenezeka kwa raha, nayo ni gundi. Karibu kila kiungo cha bunduki kinataka gundi, na kuiokota barabarani hakutoshi. Lakini jikoni unaweza kupika wanga wa mboga: mahindi matatu, mutfruit (tunda la kule) tatu, tato tatu na maji safi chupa moja, unapata gundi tano. Abernathy wanalima tato. Mahindi nimeyapeleka Oberland. Mutfruit zinatoka Graygarden, maji ya mto yanatoka Sanctuary. Hakuna hata makazi mamoja kati ya hayo ambayo nimeyabana yalime vyote vinne. Nikisimama kwenye jiko lolote la mtandao ule navikuta vyote kwenye hesabu. Hapo ndipo nausifu mfumo huu bila kusita, na hapo ndipo jibu langu lilipo kwa wanaosema afadhali kila makazi yabaki peke yake. Kwenye daftari, gundi ina ukurasa wake, na kila shamba linapewa sehemu yake kwa mujibu wa lilichotia kwenye sufuria: kipaumbele cha kuboreshewa silaha za walinzi wao kabla ya zangu.

Vijana wa Isevya, hapa mjini, ninaocheza nao wananiambia najipa kazi ya karani katika mchezo wa kupiga mutanti. Mmoja, dada anayecheza vizuri kuliko sisi sote, aliuliza swali zito zaidi: kama wakazi wale ni mistari ya programu, paa linalovuja linamuumiza nani? Nilimjibu kwamba linaniumiza mimi ninayelitazama, na kwamba mtu anayezoea kujenga ghorofa kwa jasho asilolijua anakuwa anafanya mazoezi ya kitu. Hakukubali moja kwa moja. Lakini juzi alinipigia kuuliza kabati la akiba linawekwa karibu na meza au mbali nayo. Haijalishi, ilimradi lisiwe meza yenyewe.

Kazi iliyo mbele yangu sasa ni Murkwater, kule kusini kwenye kinamasi. Ni mahali pa kujengwa kutoka sifuri, hapana wenyeji wa kuanzia nao. Nimeamua mpagazi wa kwanza atoke The Castle, kwa chakula cha The Castle, ili wakazi watakaoitikia redio ya kuwaita wahamie pale wasianze maisha wakiwa na mdomo mmoja zaidi wa kulisha. Pampu tatu za mkono zinatangulia, kisha mahindi, kisha vitanda, kisha mnara mmoja wa ulinzi unaotazama majini. Zege la msingi litatoka stoo ya wote, na ukurasa wa Murkwater utaanza na deni hilo limeandikwa juu kabisa, pamoja na majina ya makazi yaliyolitoa.